Koti Langu la Ngozi

Jumatatu, 2 Februari
Habari kubwa kijiweni Makanyagio! Mwalimu Pudensiana anatafuta bodaboda wa kudumu, wa kumpeleka shuleni Misunkumilo kila asubuhi. Sharti lake ni moja: dereva awe na vifaa vya usalama vya kueleweka. Ataamua Ijumaa. Nafasi hiyo ni yangu kabisa. Kero ni Obadia. Kaja na helmeti yenye kioo cha kufunika uso, jaketi la dukani na glovu, na tangu asubuhi anajipiga picha. Mimi nina helmeti yenye ufa na sweta la mke wangu.

Jumanne, 3 Februari
Nimewaza. Jaketi la dukani ni kitambaa na sponji. Ng'ombe je? Anapita kwenye miiba, anachapwa fimbo, anapigwa pembe na wenzake, na ngozi haichaniki! Nimekwenda kwa Mabula mfugaji. Ana ngozi aliyoiwamba juani juzijuzi. Akasema hiyo ni ya kulalia tu. Ya kuvaa husuguliwa mafuta na kufikichwa siku nyingi mpaka ilainike. Nikamwambia dunia ya sasa haisubiri, nikainunua hivyohivyo. Akanitazama kwa huruma. Wivu umeshaanza.

Jumatano, 4 Februari
Fundi viatu kavunja sindano, lakini koti limekamilika. Manyoya nimeyaacha nje, madoa meusi na meupe, ili nionekane toka mbali. Hadia, mke wangu, kasema koti likilala ndani yeye atalala kwao. Limelala nje.

Alhamisi, 5 Februari
Mbwa wa mtaa wamekesha nalo. Pindo la chini limeliwa. Sasa ni fupi, la kisasa. Halafu mvua ikaninyeshea njiani na ngozi ikalainika yenyewe! Mabula na siku zake nyingi! Nimelitundika, mikono imenyooka vizuri.

Ijumaa, 6 Februari
Jua la asubuhi limelikausha kama bati. Hadia kanisukumia ndani yake kwa goti. Viwiko havikunjiki, ila usukani naufikia. Kijiwe kizima kiliinuka kunitazama nilipofika. Heshima ile! Mwalimu akaomba nizunguke kwanza peke yangu. Nikaondoka kwa mbwembwe. Kona ikafika, mikono ikagoma, nikanyoosha moja kwa moja hadi kwenye mahindi ya watu. Nikalala chali, siwezi kuinuka. Obadia ndiye aliyenisimamisha, kwa kunibeba kama mlango. Mwalimu akanipangusa matope usoni.

"Baba Kauthar, koti nimelipenda," akasema. "Lakini njia ya kwenda shuleni kwangu ina kona."

Akapanda pikipiki ya Obadia. Roho imeniuma sana.

Jumamosi, 7 Februari
Nimetulia, nimepiga hesabu. Nimeanguka mbele ya kijiwe kizima, kifua na mgongo havina hata mchubuko. Jaketi la Obadia halijajaribiwa na mtu! Langu limefaulu. Goti tu ndilo limechunika, na goti halikuwa na ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo leo nimerudi kwa Mabula kuagiza ya suruali. Nimemwambia safari hii aiache juani zaidi, iwe ngumu kweli.