Daktari Karibu

Jumatatu, Machi 3

Nimejitafuta mtandaoni. Kama kila asubuhi. Ngigi Kabiru, mhadhiri, Nakuru: nimepatikana mara moja tu, kwenye picha ya harusi ya binamu yangu Cate, nimeshika sahani ya pilau. Pilau imetoka vizuri kuliko mimi.

Na utafiti wangu? Upo! Ule ulionitoa jasho kwa miaka, nikiifundisha kompyuta kukisia jinsi udongo wetu wa majivu ya volkeno utakavyotikisika tetemeko likipita. Ila mwandishi wake anaitwa N. Karibu. Jarida liligeuza herufi mbili. Mbili tu! Sasa Karibu ananukuliwa na Wajapani. Kabiru hanukuliwi hata na mke wake.

Cheruto wa maktaba amesema dawa ni rahisi. Atanisajilia namba ya mtafiti, ile inayotambulisha kazi za mtu hata jina likikosewa, kisha tuliandikie jarida. Kazi ya kikombe kimoja cha chai, alisema. Nikamwambia nitafikiria. Sitafikiria! Namba hiyo ililetwa hapa na Owino, tunayegawana naye ofisi. Ameibandika kwenye kadi zake, kwenye kabati, hata kwenye kikombe. Nimuige Owino? Heri tetemeko.

Nina mpango bora. Kama utafiti haunijii, nitaufuata mimi. Nitabadilisha jina. Nitakuwa Karibu.

Jumanne, Machi 4

Nimekwenda kwa wakili Gopal. Alikohoa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama kuna mtu ninayemkimbia. Hakuna. Nikaweka sahihi. Hati itachukua wiki kadhaa kukamilika, lakini mtu mwenye maono hangoji wiki kadhaa. Nikapita kwa fundi, nikatengenezewa kibao cha mlango. "Dkt. N." kwa herufi ndogo, "KARIBU" kwa herufi kubwa.

Kosa! Wanafunzi wameingia bila kubisha kutwa nzima. Mmoja alikula chapati zake humo, akashukuru, akatoka. Owino amesema hajawahi kuona ofisi yenye ukarimu hivi. Nilikuwa nasubiri msichana fulani amalize kuchaji simu.

Alhamisi, Machi 6

Joan amemwambia mama yangu habari ya jina. Mke wa ndoa, mama wa watoto wangu. Msaliti!

Mama akapiga simu kutoka Dundori. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu kama babu yangu, Guka Kabiru, alinikosea mahali. Akanikumbusha ni yeye aliyefyeka shamba lile la viazi lililonisomesha, na kwamba nilipewa jina lake nikiwa bado nimefumba macho. Nikamweleza ni kwa ajili ya sayansi. Akauliza kama hiyo sayansi yenu haina kifutio.



Ijumaa, Machi 7

Saa ya chai Owino kaleta habari. Shule moja ya wasichana, njia ya Gilgil, inataka kujenga bweni jipya kule bondeni, chini ya uwanja. Mwalimu mkuu amesoma utafiti wa N. Karibu na anamtafuta aje kikao cha Jumatatu. Wamemwandikia, barua pepe imerudi. (Anwani yangu ya enzi za uanafunzi. Ilikufa.) Wamemuuliza Owino kama anamjua. Amewajibu hamjui, pengine ni mtu wa Zanzibar. (Kibao cha mlangoni bado anadhani ni makaribisho tu.)

Bonde lile nalijua. Kwenye ramani yangu ni jekundu kama nyanya. Udongo wake ni laini kama unga. Tetemeko likija, mwamba wa juu utatikisika na kutulia, bonde litachezacheza kama uji kwenye sufuria. Na humo ndimo watoto wa watu walazwe!

Ningeweza kusema papo hapo, Owino, ni mimi. Mdomo ulifunguka. Nikautia andazi.

Maana nimewaza: kwa nini niseme, wakati naweza kutokea? Jumatatu nitaingia mwenyewe, Daktari Karibu, kikao chote kisimame. Nimenunua tai.

Jumatatu, Machi 10

Nitaandika yote, ingawa uso unanichoma.

Langoni kulikuwa na askari mzee mwenye orodha. Akaniuliza jina.

"Karibu," nikasema.

"Asante, boss. Lakini mwenye kukaribisha hapa ni mimi. Jina?"

"Karibu!"

"Nishasema asante."

Akadai kitambulisho. Kitambulisho kikasema Kabiru. Akakiangalia, akaangalia orodha, akaniangalia na tai yangu. "Kabiru hayumo humu, boss. Rudi nyumbani."

Kupitia uani niliwaona watu wa kikao bondeni. Mwanakandarasi alikuwa ameshatandaza michoro yake mezani, anaonyesha kwa kidole msingi utakapochimbwa. Na kando yake, nani? Owino! Wamemwalika badala yangu.

Nilisimama pale. Ningeweza kuondoka na heshima yangu. Nikapiga simu.

"Owino, Karibu ni mimi."

Akasema, "Ngigi, kwa nini hukuniambia Ijumaa?"

Alipanda mwenyewe hadi langoni, viatu vimejaa tope, akamwambia askari: "Mzee, huyu ndiye aliyeandika. Mimi nimesoma tu." Akanishika mkono kama mgeni wake.

Nilisahau hotuba yote. Nikaomba unga jikoni, karai zima, na chupa mbili tupu za soda. Moja nikaisimamisha ndani ya unga, nyingine juu ya jiwe, vyote kwenye meza ileile. Nikaipiga meza ngumi. Ya kwenye unga ikayumba, ikalala. Ya kwenye jiwe ikabaki wima.

Mwalimu mkuu, Bi Jepleting, aliiangalia ile chupa iliyolala. Akauliza kama kule juu, karibu na tangi la maji, ni mwamba. Nikasema ni mwamba. Akamgeukia mwanakandarasi: "Kunja michoro. Tunapanda juu."

Machozi yalinitoka. Nilimwambia Owino ni unga. Akanipa leso.

Jumatano, Machi 12

Cheruto amenisajilia namba. Chai yangu ilikuwa bado moto! Jarida limekubali kusahihisha jina. Nimempigia Gopal aichane ile hati. Kibao kimeng'olewa, wanafunzi wanabisha. Mama amecheka kwenye simu. Nimemwapia Joan: ujanja basi, kuanzia leo njia iliyonyooka.

Baada ya Cheruto kuondoka, ukurasa wangu mpya ukaniuliza swali. Kwa adabu kabisa. Kuna N. Kabiru mwenye tafiti nyingi kuhusu ugonjwa wa viwele vya ng'ombe wa maziwa. Je, hizi nazo ni zako?

Sasa mimi ni nani nibishane na mashine? Nikabonyeza ndiyo. Nikabonyeza ndiyo tena. Kufikia saa kumi nilikuwa nimempita Owino mbali!

Jioni mkulima mmoja wa Olenguruone akapiga simu. Ameniona mtandaoni. Ng'ombe wake amevimba kiwele, anapiga mateke, maziwa yanatoka mabonge. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Nikamwambia atulie, nitafika Jumamosi.

Joan ameniuliza nitamfanyia nini huyo ng'ombe. Maswali gani haya? Nitasoma njiani. Kwani si ni mimi niliyeandika!