Shule Iliyoongoza kwa Kuona

Ninayo heshima kubwa kutangaza, kwa niaba ya shule yetu na kwa ruhusa ya yeyote anayepaswa kuitoa, kwamba tulishika nafasi ya kwanza katika Mtihani wa Macho. Hakuna mwanafunzi wetu hata mmoja asiyeona. Jambo hili halijapata kutokea katika historia ya shule, na wapo wanaosema halijapata kutokea katika historia ya macho.

Mimi ni Mwalimu Mkuu Msaidizi. Najua kuna watu wanaodai kwamba kupima macho si mtihani, ati ni huduma ya afya. Watu wa aina hiyo ndio waliotufanya tushike mkia mwaka uliotangulia. Idara ya Afya ya Wanafunzi ilimleta muuguzi na chati yake ya herufi, nasi tukakaa tu kama mabwege, tukawaacha watoto wasome kile wanachokiona. Ilikuwa aibu tupu. Muuguzi akagawa miwani kama njugu, na Mkurugenzi wa Elimu alipotangaza shule kwa mpangilio wa ubora wa macho, jina letu likasomwa la mwisho. Mwalimu Mkuu aliumwa tumbo. Alipopata nafuu akaniita.

"Msaidizi," akasema, "mwakani sitaki kuona miwani hapa shuleni."

"Mkuu," nikamjibu, "hutaiona."

Chati ya muuguzi ni ile ile kila mwaka. Basi nikatunga mtaala. Kila asubuhi baada ya paredi, kabla ya Hesabu, tukawa na kipindi cha Kuona. Mwalimu wa nyimbo aliitilia chati sauti: mstari wa juu unaimbwa kwa besi, na kadiri herufi zinavyopungua ukubwa ndivyo sauti inavyopanda. Wazito walibaki jioni kwa masomo ya ziada. Michezo tuliifuta, kwa sababu mtoto anayekimbia huku na huko hawezi kutulia akaona. Darasa la kwanza, ambao hawajui kusoma hata majina yao, waliimba chati kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, bila kupumua. Huo ndio ukuaji wa mtoto ninaoukubali mimi, ule unaopimika.

Nyota wetu alikuwa msichana wa darasa la nne ambaye wenzake walimwita Pua. Walimwita hivyo kwa sababu alisoma daftari pua ikigusa karatasi, hata jioni ukimkuta ana wino puani. Mimi niliona ni ukaribu na masomo. Ubaoni hakunakili kitu. Alimsubiri jirani yake anakili, kisha yeye ananakili kwa jirani, na tukampongeza kwa ushirikiano mwema. Alama zake za Hesabu ziliporomoka, tukamwonya kwa uvivu. Lakini siku ya Mtihani wa Macho aliwaacha wenzake mbali. Wengine walijisahau wakaitazama chati, wakababaika, wakapoteza wimbo. Pua hakupoteza muda kuitazama.

Mtoto huyu alikuwa na adabu kupita kiasi. Siku moja alitumwa chaki ofisini kwangu. Mimi nilikuwa nimekaa mezani, na koti langu la kijivu linaning'inia nyuma ya mlango. Pua akaligeukia koti, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikaitikia kutoka upande wa pili, naye akaruka kwa woga.

Mtoto anayeamkia mpaka nguo za mwalimu wake amelelewa. Nilimsifu mbele ya walimu wenzangu, na nilipopata nafasi nikamweleza mama yake, ambaye ni fundi cherehani. Sikupata shukrani niliyoitarajia. Kesho yake alikuja ofisini, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mwalimu, mtoto haoni."

"Mama, mtoto wako ameongoza shule nzima kwa kuona."

"Ameongoza kwa kukariri. Hiyo chati anaimba akiosha vyombo. Anaimba amefumba macho."

"Huo sasa ndio ufaulu wa daraja la juu."

"Mwalimu, nisikilize basi." Akatoa sketi ya shule mfukoni, akaiweka mezani juu ya karatasi zangu. Mshono wa kiunoni ulikuwa umeachia wote. "Jana alikuwa anavuka barabara. Pikipiki inakuja, taa inawaka, honi inalia, yeye anageuza kichwa huku na huku hajui iko wapi. Nimemdaka kwa sketi. Ingekuwa kitambaa dhaifu, leo tungekuwa msibani. Wewe unajua miwani inauzwaje, na mimi unajua nashona nini. Idara inatoa bure, lakini kwa aliyeshindwa tu. Nakuomba, Mwalimu. Mfelishe mwanangu."

Nimeombwa mengi na wazazi katika kazi hii. Nimeombwa mtoto arushwe darasa, abadilishiwe umri, asichapwe, achapwe zaidi. Sijapata kuombwa mtoto afelishwe. Nilisikia uchungu kwa niaba ya taaluma nzima. Nikamweleza kwa upole kwamba matokeo yakishatangazwa, mtoto anaona. Anaona kisheria.

"Na pikipiki inaijua hiyo sheria?"

Nikamjibu kwamba hoja yake ni nzito na nitaifikisha kwenye kikao. Akaichukua sketi yake, akaikunja vizuri.

"Mwalimu, wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Huwa anavuka barabara?"

Hakungoja jibu. Aliufunga mlango polepole, na namna ile ya kufunga mlango sikuipenda.

Siku ya kukabidhiwa kombe ilifika, na mgeni rasmi akawa Mkurugenzi mwenyewe. Huyu ndiye mwasisi wa kampeni ya Macho ya Asili, na ndiye aliyetamka kwamba miwani ni mkongojo wa mtu asiyejitahidi. Agizo lake kwa Idara lilikuwa kali: atakayeshindwa kusoma chati avishwe miwani pale pale, mbele ya watu, bila kujali ni mtoto wa nani, ili iwe fundisho. Kwa hiyo muuguzi naye alikuja na kasha lake, akakaa pembeni.

Ukumbi wetu una msumari mmoja. Kwa kawaida ndio unaobeba chati. Kamati ya Mapokezi ilikaa asubuhi ile na kuamua kwamba haiwezekani Mkurugenzi akaja akakuta herufi mahali ambapo ingepaswa kuwepo picha yake. Chati ikashushwa, ikapandishwa picha kubwa ya Mkurugenzi yenye fremu ya dhahabu. Kamati iliamua pia kwamba Pua aonyeshe mbele ya mgeni jinsi anavyoona. Maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi. Bahati mbaya yalifanywa na watu wale wale bila kujulishana.

Joto lilikuwa kali. Nikavua koti langu nikalitundika kwenye stendi ya kipaza sauti cha akiba kandokando ya jukwaa, nikashika fimbo ya kuelekezea, nikasimama kando ya ukuta nikiwatazama wageni. Mwalimu mzoefu haangalii anachokielekeza. Nikapiga fimbo ukutani, na Pua akaanza.

Alisoma vizuri sana. Fimbo yangu ilianzia, kama nilivyoelezwa baadaye, kwenye paji la uso la Mkurugenzi, ikashuka kwenye nyusi, ikapita puani, na mstari wenye herufi ndogo kabisa ukasomwa kwenye kidevu. Wazazi walianza kunong'ona, mabega yakawa yanatikisika. Nilijua wameguswa.

Mkurugenzi akainuka akipiga makofi. "Sahihi kabisa!" akasema. "Mimi mwenyewe nimemfuatilia kutoka hapa nilipo, mstari kwa mstari. Hakuna herufi iliyokosewa!"

Muuguzi naye akainuka. "Samahani, Mheshimiwa. Ile pale si chati."

"Ni nini?"

"Ni wewe."

Muuguzi alikuwa mtu wa kufuata maagizo, na agizo lilikuwa wazi. Akafungua kasha, akamjaribisha Pua miwani moja, akatikisa kichwa, akamvisha nyingine. Nikamkumbusha kwamba matokeo yalishatangazwa. Akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga.

Pua aliitazama picha kwanza. "Kumbe ni mzee," akasema. Kisha akageuka, akautazama ukumbi, safu ya mbele, safu za katikati, mpaka mlangoni kabisa walikosimama waliokosa viti. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi.

"Mama!" akaita kutoka jukwaani. "Mbona unalia?"

Mama yake alikuwa mlangoni. Akajifuta kwa ncha ya tepu yake ya kupimia, akacheka.

Ikafuata zamu ya mgeni rasmi, kwani agizo lilisema bila kujali ni mtoto wa nani. Mkurugenzi alivishwa miwani mbele ya watu, akatabasamu kwa ajili ya wapiga picha, akainua macho. Tabasamu likamtoka. Akatazama dari. Akatazama ukuta. Akatazama madirisha, au tuseme mahali pa madirisha.

"Msaidizi," akaninong'oneza, "hii shule ina ufa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Unaanzia msingini."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja kuikagua mara ya kwanza na kusema iko imara."

Kisha akavua miwani, akaikunja, akamrudishia muuguzi, akasema haimfai, inamwonyesha vitu. Rangi ikamrudia usoni. Akashuka jukwaani kuaga, akitoa mkono kwa kila aliyekuwa njiani, mpaka akafika kwenye stendi ya kipaza sauti cha akiba. Akaushika mkono wa koti langu kwa mikono yake miwili.

"Nimekuangalia tangu nilipoingia," akaliambia. "Umetulia, husemi ovyo, hujacheka kama hawa wengine. Watu wa namna yako ndio ninaowataka. Kuanzia mwezi ujao utakuwa Naibu wangu."

Mwalimu Mkuu alitazama viatu vyake. Mimi nilijua kilichotokea na nilikuwa na mengi ya kusema, lakini si desturi kumsahihisha mgeni rasmi. Pua akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akainamisha kichwa kwa adabu ile ile.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. "Hilo ni koti."

Sitaeleza kicheko kilivyokuwa. Pua siku hizi ananakili mwenyewe ubaoni na anavuka barabara kama watu wengine, na shule yetu imerudishwa mkiani. Uteuzi ule haujatenguliwa hadharani, kwani kuutengua ni kukiri. Gari la ofisi ya Mkurugenzi lilikuja jana, dereva akasema ameagizwa kumchukua Naibu mpya. Nilitoka mbio nikiwa nimelivaa koti. Dereva akanitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza kama ninaweza kulivua, kwa sababu maelekezo yake hayakumtaja mtu wa ndani.