Ngazi Imeuzwa, Kompyuta Imefika

Jumatatu, 8 Machi 1999
Kompyuta imefika. Imeletwa kwa mkokoteni kutoka dukani kwa Jaimin, kijana wa kompyuta, imefunikwa turubai kama mgonjwa. Ni mtumba, lakini inawaka. Nimeuza ngazi yangu ndefu kuipata. Aliyeinunua ni Severine, mwandishi wa mabango mwenzangu hapa Mtaa wa Narung'ombe. Alitabasamu mno. Atajuta.

Huu ni wakati wa soko huria. Mtu anayejitegemea hawezi kupanga risiti za kodi kwa vidole. Jaimin amenitengenezea programu: naandika risiti, mashine inatafuta neno inalolijua, inaipeleka kwenye fungu lake. Yenyewe!

Nimemwambia Klara, mhasibu wangu, asije tena. Kila baada ya miezi mitatu hutoka Magomeni kuja kunipangia. Hukaa kutwa, akiuliza hii ni ya nini, siku hiyo nilienda wapi. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaondoka bila kumaliza chai.

Jumatano, 10 Machi
Risiti zinaingia. Nimeiagiza mashine: popote penye "tina" ni vifaa vya kazi, maana tina ndiyo tunayozimulia rangi. Popote penye "chai" ni wageni wa kikazi.

Sadalla, fundi cherehani wa chumba cha mbele, alichungulia akauliza inafanya nini. Nikamjibu inafikiri. Akasema inafikiri kwa umeme wa wote, mita ni moja. Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Nilidhani angekaa kidogo.

Ijumaa, 12 Machi
Mzee Tulsidas, baba yake Jaimin, alitaka bango jipya juu ya duka lake la mapazia. Kazi kapata Severine. Yuko juu ya ngazi yangu, anapiga mluzi. Nilimwomba aniazime kesho. Akasema anakodisha.

Kazi yangu ya wiki: USIKOJOE HAPA, ukuta wa uchochoroni. Haihitaji ngazi. Herufi zimetoka vizuri sana. Hakuna aliyesimama kuzitazama, ila mmoja aliyekuja kukojoa.

Jumatatu, 15 Machi
Nimepeleka hesabu kwa watu wa kodi. Zimechapwa, safi. Mama wa dirishani alizisoma taratibu. Akauliza vitumbua vya mgahawa wa Mama Tina ni vifaa vya kazi vya namna gani. Nikaeleza habari za kompyuta. Akasema kompyuta haidaiwi kodi, nadaiwa mimi.

Halafu akafika kwenye wageni.

"Hawa wageni wako ni akina nani?"

Nikatazama tarehe. Chai zote ni za siku alizokuja Klara. Mwaka mzima, mgeni mmoja.

"Ni mhasibu wangu," nikasema.

"Basi akurekebishie."

Amenipa hadi Ijumaa.

Jumatano, 17 Machi
Nimeenda Magomeni. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba: kompyuta ni nzuri, ila inahitaji msaidizi. Sikufika mbali. Klara aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akasema atakuja kesho.

Alhamisi, 18 Machi
Nimefagia. Nimenunua chapati. Nimeazima kiti cha Sadalla, chenye mto.

Klara alifika, akavaa miwani, akakuta mashine imeshapanga risiti zote kwa mafungu na kwa tarehe. Akahamisha vitumbua, akafuta wageni, akajumlisha. Chai haijapoa, kamaliza! Akaisifu kompyuta. Alisema kweli inarahisisha.

Mlangoni alisimama na mkoba wake.

"Hakuna kingine, Athanas?"

Nikasema hakuna. Akasimama kidogo tena, kisha akaenda. Nilisikia akimuaga Sadalla. Chapati nimekula zote mimi.

Ijumaa, 19 Machi
Hesabu zimekubaliwa. Hata sikufurahi. Nilikaa nikifikiri mpaka kosa nikaliona: mashine inapanga mno.

Nimeenda kwa Jaimin. Nimemuuliza kama anaweza kutengeneza programu ya kuvuruga risiti, ivuruge vizuri, mhasibu azipange kutwa nzima. Ikiwezekana siku mbili. Akasema inawezekana, ila ni ghali. Akauliza kwa nini nisizitie tu kwenye mfuko nikautikisa.

Kijana msomi, lakini teknolojia bado haijamwingia. Nimemwachia redio yangu kama malipo ya kwanza.