Sauti ya Papa Zacharie katika 4K

Jumatano, 11 Juni

Kazi! Mama Berthe anaondoa matanga ya mumewe Jumamosi. Anataka watu waione video niliyomchukua marehemu Papa Zacharie wiki moja kabla hajafa: ameketi kitandani, anawabariki watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Hana sauti nyingine ya mumewe popote. Ameniomba kitu cha kawaida tu, kwa kuwa televisheni yao ni ya zamani.

Kawaida! Ng'ambo ya barabara Osée amebandika tangazo jipya kwenye studio yake: HD. Nimelitazama mpaka nikakosa hamu ya kula. Mimi nitatoa 4K, picha kali kuliko HD yake. Kamera yangu haina 4K, lakini hilo si la kumwambia mjane.

Kuna aibu moja tu. Binti yao Fanny anafundisha Banalia na baba alipougua hakuwahi kufika. Nilimtumia kopi kwa simu, nimeibana ili ipite kwenye mtandao, mpaka uso wa mzee umekuwa vigae vya rangi. Kwangu nimeshaifuta; Mungu asaidie, asimwonyeshe mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Programu inauliza maswali kuliko askari wa barrière barabarani. Codec ipi, yaani video ifungashwe kwa njia gani? H.264? Hiyo ndiyo ya Osée, hata wapiga picha za ubatizo wanaitumia. H.265? Afadhali, lakini jina fupi. Chini kabisa nikaona moja ya watu wa sinema, jina refu, faili nzito. Hiyo hiyo!

Nafasi haikutosha. Nikafuta harusi mbili za mtaa wa Kapalata, wale wameshaachana. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza upya. Jioni faili likakamilika, zito kama gunia la mihogo mibichi. Mashine ikaanza kukokota miguu, nikafuta na video ya asili. Ndizi ikishapikwa, maganda ya nini?

Ijumaa, 13 Juni

Faili limekataa kuingia kwenye fleshi. Nimelihamishia kwenye diski kubwa. Nimelihamisha, sikulinakili. Mashine sasa inapumua.

Osée amepita kuomba chumvi. Nikamwonyesha. Akauliza kama nimejaribu kwenye televisheni ya Mama Berthe, kwa sababu zile za zamani zinasoma MP4 ya kawaida tu. Wivu! Nikamnyima chumvi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya. Andika, Glodi, andika yote.

Uwanja ulijaa. Watu wa Yanonge walikuja na samaki, lituma ya ndizi za kupondwa ilikuwa mlima. Mama Berthe aliketi mbele kabisa. Nikatoa hotuba fupi juu ya 4K. Nikabonyeza. Kioo cheusi, na maneno: format non pris en charge, yaani haisomi faili la aina hii. Nikazima, nikawasha. Cheusi. Babu mmoja akauliza kama marehemu ndiye anayekataa. Nyuma Osée akakohoa. Kwa hasira nikaichomoa diski hivyo hivyo na kupanda toleka hadi nyumbani, dereva akikanyaga baiskeli huku mimi nikimtukana bila kosa.

Nyumbani nikaichomeka. Mashine ikauliza swali refu. Siku nzima nilikuwa nimeambiwa hapana, nikabonyeza ndiyo. Ikafanya kazi yake haraka, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Diski nyeupe. Tupu. Ndiyo yangu ilikuwa ruhusa ya kufuta yote. Nililia kweli.

Nikarudi kumwambia Mama Berthe. Hakunigombeza. Alijifunika mdomo kwa pembe ya kitambaa, akatazama ile televisheni nyeusi, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Ndipo Fanny, aliyekuja kutoka Banalia kwa matanga, akafungua mkoba. "Tonton, ile video ulinitumiaka, bado iko kwa téléphone yangu."

Vigae vyangu! Nilitaka ardhi ipasuke. Watu wakabanana juu ya kisimu kile. Uso haukuonekana, lakini sauti ilitoka safi: "Fanny, mutoto yangu, usiache mama yako peke yake." Mama Berthe hakutazama hata kidogo. Aliweka simu sikioni, akafumba macho, akairudia na kuirudia. Wote walilia. Na mimi nililia, kwa jinsi picha ilivyokuwa mbaya.

Jumatatu, 16 Juni

Mama Berthe ameniletea sahani ya lituma na shukrani. Siwezi kumeza. Vigae vile vitafika Yanonge na jina langu!

Nimemwomba Fanny simu kabla hajapanda gari la Banalia. Nitaisafisha ile video, nitaitoa katika 4K, codec ile ile. Kosa lilikuwa la televisheni. Akasita. Akasema, "Tonton, iko hiyo moja tu, donc uangalie." Nikaapa kwa kaburi la baba yake.

Nimeihamishia kwenye diski. Nimeihamisha, kopi mbili za aibu moja za nini? Osée amechungulia dirishani akauliza kama nimebakiza nyingine mahali. Wivu tu. Waya wa diski ulizuia dirisha; nimeichomoa nimfungie, nimeirudisha.

Mashine inauliza kitu, swali refu. Nimebonyeza ndiyo.