Nepi za Mzee

Wapendwa, leo nimepatikana. Na sijapatikana peke yangu. Nimepatikana pamoja na mume wangu, ambaye hakufanya kosa lolote zaidi ya kwenda kucheza mpira.

Nianze asubuhi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba hapa DeSoto, pembeni ya Dallas, mimi ni mtu wa kuponi, vile vikaratasi vya kupunguziwa bei. Bei za vyakula zilipoanza kupanda, nilimwambia Deo, mume wangu, kwamba nyumba hii haitakula tena vya kununua barabarani. Tutapika. Na tutapika kwa kuponi. Deo akasema sawa. (Deo ni mtu wa sawa. Ndiyo maana nilikubali anioe.) Tangu hapo nakata karatasi, nabonyeza simu, naiozesha kuponi ya kiwanda kwa ofa ya duka kama mshenga mzoefu. Mchele wetu, maharage yetu, kuku wetu, vyote vinaingia ndani kwa heshima ya mkasi.

Sasa leo, Jumamosi, duka moja la jirani lilikuwa na nepi za watu wazima. Zile kubwa. Ofa ya duka, juu yake kuponi ya kiwanda, juu yake kuponi ya kwenye simu. Ukizipanga vizuri, nepi zinakuwa bure, na ziada inayobaki inapunguza bei ya vitu vingine ulivyobeba. Someni tena sentensi hiyo polepole. Unachukua nepi, duka linakununulia nyama.

Sina mtu wa kumvalisha nepi. Binti yetu Neema ameshafika umri wa kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Lakini shoga yangu Rehema anafanya kazi kwenye kituo cha kutunzia wazee, nikasema nitampa awapelekee. Sadaka inatoka, nyama inaingia. Mbingu imeridhika, jiko limeridhika.

Nikajaza toroli. Juu ya mlima wa nepi nikaweka nyama ya ng'ombe, mchele, vitunguu na makopo ya tui la nazi. Rafu ya nepi ikabaki nusu. Hiyo nusu nilishaipigia hesabu ya kurudi jioni na simu ya Neema, ambayo nayo ina kuponi zake. (Neema hajui kwamba simu yake ina kuponi.)

Keshia alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za kijani. Akaanza kupitisha nepi kwenye mashine. Pip. Pip. Pip. Katikati akasimama, akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama sana, aendelee.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mama Neema?"

Alikuwa Mama Zawadi. Tunasali naye jumuiya moja. Ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, mwanamke mwema kupita kiasi. Ukipiga chafya, kabla hujapata kitambaa yeye ameshakuletea supu. Pia, na hapa ndipo penye tatizo, ni mtu wa kuponi kama mimi, na gari lake ni lile la familia kubwa. Viti vikikunjwa, linameza duka.

Akaliangalia toroli. Na mimi nikaliangalia toroli, kana kwamba ndiyo kwanza naliona.

"Zote hizi ni za nani, mama?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Neno moja: ofa. Lakini nikaikumbuka ile rafu iliyobaki nusu. Nikalikumbuka lile gari. Mdomo ukanitangulia.

"Ni za mzee tu."

Nilimaanisha mzee yeyote. Wazee wapo wengi duniani. Lakini ninyi mnajua, na mimi nilipaswa kujua, kwamba mwanamke mwenye ndoa akisema "mzee" bila kutaja jina, mzee ni mmoja.

Mama Zawadi akanishika mkono. Akashusha sauti.

"Tangu lini?"

Nikajua ameshanishtukia. Ameigundua ofa, anataka kujua imeanza lini. Nikakata tamaa.

"Tangu Jumatano," nikasema.

"Yesu na Maria! Pole, mama. Pole sana. Mungu ataonekana."

Niliona pole hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayezungumzia ofa. Lakini keshia alikuwa ananikabidhi risiti ndefu kama skafu ya kwaya, na nyama yangu imetoka karibu na bure. Mtu aliyeshika risiti ya namna hiyo hasikii mengi. Nikaaga, nikaondoka.

Nyumbani, gereji imejaa sabuni na tambi za ofa zilizopita. Nepi nikazipanga sebuleni, nyuma ya sofa, mpaka zikafika juu ya mgongo wake. Deo hakuwepo. Alikuwa Fort Worth kwenye mechi ya maveterani. Yeye ni beki wa kati, na wenzake humwita Ukuta, kwa sababu hapitishi kitu. Analipenda jina hilo kuliko cheo chake cha ofisini. Ameliandikisha mgongoni kwenye jezi.

Nikaingia jikoni. Simu nikaiacha chumbani inachaji. Nikakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, nikatia nyama, bizari nzima, iliki, mdalasini. Nyumba ikaanza kunukia sikukuu. Nikawa naimba. (Kumbukeni hilo la kuimba. Ndivyo mjinga anavyokuwa dakika za mwisho.)

Neema akaja na simu yangu. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba shangazi anapiga na analia.

Shangazi yake ni wifi yangu, dada wa Deo, anaishi Stafford, kule Houston.

"Wifi, kwa nini mmenificha? Kaka yangu ana nini?"

"Kaka yako yuko mpirani."

Nikasikia kwikwi.

"Hata sasa bado unanificha. Mimi nimeshatoka Stafford, niko njiani. Mwambie asijisikie vibaya, hata baba yetu ilimpata uzeeni."

Akakata. Nikafungua kundi la simu la jumuiya. Mama Zawadi alikuwa ameandika:

"Wapendwa, tumkumbuke Baba Neema katika sala. Tangu Jumatano hawezi tena kuzuia haja. Mkewe ananunua nepi peke yake, kwa siri. Tafadhali asiulizwe mwenyewe. Tulinde heshima yake."

Kundi lile lina watu wa Dallas, Fort Worth na Houston. Wote walikuwa wanailinda heshima yake. Kulikuwa na mikono ya kusali kutoka juu hadi chini. Mmoja aliagiza anyweshwe maji ya bamia. Mwingine akasema mjomba wake yalimkuta hayohayo na sasa anaendesha lori.

Nikaandika haraka, vidole vinateleza kwa mafuta: "Jamani, Deo ni mzima kabisa! Hana ugonjwa wowote!"

Majibu yakaja papo hapo.

"Amina!"

"Tunapokea kwa imani!"

"Hivyohivyo Mama Neema, mkiri uzima!"

Kengele ya mlango ikalia.

Walikuwa wengi. Mbele, Mama Zawadi. Nyuma yake Baba Anselmi, mwenyekiti wa jumuiya. Nyuma yao kina mama wenye hotipoti na trei za foili. Sombe, yaani kisamvu. Maharage na ndizi. Dagaa. Chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, bado za moto. Na Mama Zawadi alikuwa amekumbatia pakiti moja ya nepi, imefungwa utepe wa bluu.

"Tumekuongezea kidogo," akasema.

Nikaona kibandiko cha bei. Ameinunua bei kamili. Bila kuponi hata moja, na kwenye duka lilelile! Niseme ukweli: mpaka hapo, hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Wakaingia sebuleni. Wakauona mlima nyuma ya sofa. Baba Anselmi akavua kofia.

"Ndugu zangu," nikasema, "naomba mnisikilize. Hakuna ugonjwa."

"Mama," Baba Anselmi akanijibu kwa upole, "mwanzoni ni hivyo. Mtu anakataa. Hata mke wangu alipoambiwa ana sukari, alikataa wiki nzima huku anakunywa soda."

Mama mmoja akamuuliza Neema, "Baba yuko wapi, mwanangu?" Neema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, akasema yuko mpirani. Kina mama wakatazamana. Mama Zawadi akanong'ona, nami nikamsikia:

"Watoto hawajaambiwa."

Rozari ikaanzishwa. Sasa utamkatiza vipi mtu anayekusalia rozari? Nikapiga magoti. Nikaitikia. Nikajikuta ninamwombea mume wangu apone kitu ambacho hakuwa nacho. Ilipomalizika, Baba Anselmi akaniuliza taratibu kama tumwite Padri aje na mafuta ya mpako wa wagonjwa, au tusubiri kwanza.

Hapo mlango ukafunguka. Deo.

Sikilizeni alivyoingia. Kwenye mechi alipigwa teke la paja. Wenzake wakampa mfuko wa barafu, akauweka pajani, akaendesha nao kutoka Fort Worth. Mnalijua jua la huku. Barafu iliyeyuka njia nzima. Mfuko ulikuwa na tundu. Kaptura yake ilikuwa ya kijivu.

Sitaeleza zaidi.

Akaingia anachechemea, miguu imeachana, mkono mmoja umeshika ukuta. Mwanamume ambaye mgongoni ameandikwa Ukuta, na mbele anavuja.

Akawatazama watu. Akaziona rozari. Akaziona hotipoti.

"Kuna msiba?"

Mama Zawadi akainuka, akavua kitenge alichojifunga begani, akakikunja mara mbili, akakitandika kwenye sofa.

"Karibu ukae, baba. Usiogope. Hapa ni nyumbani."

Deo akafuata macho yao mpaka kwenye kaptura yake.

"Ah, hii? Ni barafu."

"Ndiyo, baba," akasema Baba Anselmi, kwa sauti ambayo watu huitumia wakiwa wameketi pembeni ya kitanda. "Ni barafu."

"Ni barafu kweli!"

"Kweli kabisa, baba."

Mama mmoja akaanza kulia. Deo akageuza shingo, akauona mlima wa nepi. Akausoma, kutoka chini hadi juu. Kisha akanigeukia mimi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniangalia vile.

"Mama Neema. Hizi ni za nani?"

Swali lilelile la asubuhi. Safari hii mzee mwenyewe yuko mbele yangu, amelowa.

Nikasema yote. Nikasimama katikati ya sebule yangu, na mwiko mkononi, nikasema ofa, nikasema kuponi tatu, nikasema ziada na nyama. Nikasema Rehema na wazee wa kituoni. Nikasema ile rafu iliyobaki nusu. Nikasema nililiogopa gari la Mama Zawadi. Nilipofika kwenye gari, Mama Zawadi akakaa, pu! juu ya kitenge alichomtandikia Deo.

Pilau lilisikika likilia kwenye sufuria. Nilisubiri nisutwe. Nilistahili. Nimeuza kibofu cha mume wangu kwa kilo chache za nyama.

"Kwa hiyo," Mama Zawadi akasema, "zilikuwa bure?"

"Bure. Na ziada."

"Na ukanificha."

"Nisamehe, dada."

"Mimi nimekusalia rozari nzima, magoti haya yanauma, na wewe umenificha ofa?"

Sebule nzima ikanung'unika. Kibofu cha Deo kilikuwa kimeshasahaulika. Hakuna hata aliyemwambia pole ya paja. Kina mama wananiangalia kama mtu aliyekutwa anakula peke yake nyuma ya mlango.

"Inaisha lini?" akauliza.

"Leo. Wakifunga tu."

Nikasikia funguo za magari. Kabla sijafuta machozi, nyumba ilikuwa tupu. Mama Zawadi alirudi mara moja, nikadhani anakuja kunikumbatia. Akachukua ile pakiti yenye utepe. Alikuwa anakwenda kuirudisha dukani, aje ainunue upya kwa kuponi.

Baba Anselmi alibaki, kwa sababu alikuja na gari la Mama Zawadi. Deo akaoga, akabadilisha kaptura, wakala pilau wawili, wakaongea habari za mpira. Mimi nimekula sombe jikoni, nimesimama. Ilikuwa tamu sana. Nimeandika ufafanuzi kamili kwenye kundi. Watu wa Houston bado wanajibu "Amina".

Wifi amefika sasa hivi. Amekuja na mpira wa kutandika kitandani. Ameshamwambia kaka yake asione haya.

Deo hajagomba. Ameniuliza jambo moja tu: kesho kanisani tukae viti vya mbele kama kawaida, au vya nyuma, karibu na choo?

Naombeni msicheke. Na mkikutana naye mahali, tafadhali msimwonyeshe choo kilipo. Akikihitaji, ataulizia mwenyewe.