Tundu la Nyonga na Siri ya Kipara

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka hadi uchovu wenyewe umenichosha. Asubuhi randa imenishinda kwenye ubao mmoja tu. Nimekaa chini nikajifanya nakagua miguu ya meza. Mke wangu hakudanganyika. Kanikokota hadi kwa daktari wa damu, mama mfupi asiyecheka ovyo, majibu ya vipimo vyangu mkononi. Damu iko chini. Nyekundu chini, nyeupe chini. Anataka kujua kwa nini kiwanda cha damu kimelegea. Kiwanda kiko wapi? Ndani ya mifupa, kwenye uboho. Atachukua sampuli Alhamisi, nyongani, upande wa nyuma. Kwa sindano! Ndani ya mfupa!

Akauliza kama kuna dawa yoyote ninayotumia, iwe ya hospitali, ya mitishamba au ya dukani. Mke wangu ananitazama. Nikasema hakuna.

Si uongo. Vidonge vya zinki si dawa, ni vya nywele. Chupa imeandikwa kimoja kwa siku. Nameza vinne, mwaka wa pili sasa, na chupa naificha karakana kwenye boksi la misumari. Mke wangu akijua, kaka yake atajua. Kaka yake ni kinyozi, ana nywele za watu watatu, tunamwita Msitu. Msitu akijua, mtaa mzima umejua. Bora nitobolewe.

Jumanne, 5 Machi

Bora nisitobolewe. Nimewaza sana, nimepata njia. Kama uboho umepungua, dawa ya uboho ni uboho. Nimeagiza mifupa buchani, nimechemsha sufuria nzima, nimekunywa peke yangu hadi tone la mwisho. Mchana nikarudi maabara kudai wapime upya. Mtu wa maabara kapima, kwa huruma. Damu ileile. Akasema damu si tangi la mafuta, mzee wangu, haijazwi kwa siku moja. Tumbo limeniendesha hadi jioni.

Msitu kaja kunipa pole. Pole gani! Kasema nishukuru Mungu wanatoboa nyonga, maana kichwani sindano ingeteleza.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua njama. Muuguzi kanipa karatasi nitie sahihi. Juu imeandikwa FOMU YA RIDHAA. Herufi kubwa, hawaoni hata haya! Mimi nimesikiliza ndondi redioni miaka thelathini. Ngumi za ridhaa ni za wale wanaojifunza, wanaopigana na kofia kichwani. Wakomavu ni wa ngumi za kulipwa. Kumbe wamenipangia daktari wa ridhaa! Nikasimama. Nikasema kwa sauti kwamba mfupa wangu si uwanja wa mazoezi, nataka daktari wa kulipwa.

Benchi zima likageuka. Muuguzi akauliza kwani mimi nadhani yule mama anakuja kazini kupunga upepo? Kisha akaeleza kwamba ridhaa ni yangu, si yake: nimeelezwa, nimeelewa, nimekubali kwa hiari. Mke wangu akarudia maneno yaleyale polepole, kama anayemwelekeza mgeni choo. Nikatia sahihi. Mwandiko haukuwa mzuri.

Muuguzi akauliza tena kuhusu dawa. Dawa za kulainisha damu? Hapana. Mitishamba? Hapana. Vidonge vya dukani vya aina yoyote? Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Msitu alikuwa kakaa pembeni, katusindikiza kwa upendo, anachana ndevu zake. Nikafunga mdomo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetobolewa!

Naandika yote, maana hakuna aliyenieleza mapema. (Mke wangu anasema nilielezwa mara tatu.) Unalala ubavu, magoti kifuani. Daktari anautafuta mfupa kwa kidole gumba, vile mimi ninavyotafuta fundo kwenye ubao. Anapaka dawa ya baridi. Kisha sindano ya ganzi: inauma kama siafu, inachoma, halafu kimya. Hapo nikaona mambo ni mepesi, nikaanza kusimulia habari za makabati.

Ndipo ikaja sindano yenyewe, ina mpini. Akaikandamiza huku akizungusha kiganja, kulia, kushoto, kulia. Keekee, ile ya kutobolea mbao! Ya mkono! Maumivu hakuna, ila msukumo, kama mtu anayejaribu kuingia bila kubisha hodi. Nikamshauri kwamba kwenye mbao ngumu tunaanza na tundu dogo. Akasema mfupa wangu una ushirikiano kuliko mdomo wangu.

Kisha akasema sasa anavuta uboho wa majimaji, nivute pumzi. Hapo ganzi haifiki. Uzi wa moto ulitoka nyongani hadi kisiginoni, kana kwamba nafumuliwa mshono. Nikamwita mama. Sekunde tatu, ukaisha. Akarudia keekee akachukua na kijipande cha mfupa. Nikaomba kukiona. Nusu ya kijiti cha kiberiti, kimenyooka, hakina mpasuko. Kazi safi. Nikampa mkono, fundi kwa fundi.

Dakika ishirini tu zote. Plasta, kisha nikalalia mgongo robo saa ili pale pabanwe. Pasiguswe na maji hadi kesho. Nisinyanyue kizito siku mbili. Damu ikilowanisha plasta au homa ikipanda, nirudi haraka. Hicho cha kutonyanyua nimekipenda.

Ijumaa, 8 Machi

Panauma kama teke la punda mwenye adabu. Nimemwambia mke wangu kwamba daktari kasema nisinyanyue kitu wiki mbili. Akasema alikuwepo. Siku mbili. Akaniletea viazi nimenye, maana kiazi si kizito.

Jirani, wateja, wote wanataka kuona kidonda. Nimekwisha kuwaambia ni kikubwa kama shimo la risasi. Leo plasta imetoka. Tundu kama la mbu! Na liko mahali ambapo mtu mzima hafunui. Mama mkwe kaja na pole yake, kauliza ni wapi hasa, nikaonyesha ukuta. Msitu anatangaza saluni kwamba yeye anawakata wateja zaidi ya hapo kila siku na hawaletewi matunda.

Jumanne, 19 Machi

Majibu.

Tumekaa kwenye benchi saa nzima. Mke wangu alishika gazeti juu chini, hakufungua ukurasa. Msitu hakunitania hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari akaanza na la muhimu: si saratani. Mke wangu akatoa pumzi aliyoibana tangu mwanzo wa mwezi. Kisha daktari akasema uboho wangu una alama zinazoonekana mtu anapopungukiwa shaba mwilini, na damu aliyoipima zaidi imethibitisha: shaba imekwisha, zinki imefurika, na zinki ikizidi huizuia shaba. Akauliza, taratibu sana, kama ninameza zinki.

Mke wangu akanigeukia. Msitu akanigeukia. Nikasema ni kidogo. Vingapi? Vinne. Tangu lini? Nikasema. Kwa ajili ya nini? Nikapapasa kichwa.

Daktari akavua miwani. Akasema ningesema siku ya kwanza, angeanza na kipimo cha damu, na huenda nyonga yangu asingeigusa. Msitu kacheka hadi mlinzi akachungulia. Mke wangu hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba siku zote hizi alikuwa anapanga amwambie mtoto yupi kwanza.

Nilimshika mkono. Hakuuondoa.

Zinki marufuku. Shaba, kidonge kimoja kwa siku. Damu itarudi polepole.

Jumatano, 20 Machi

Siku nzuri. Supu ya kuku, ya watu wote safari hii. Msitu kaja na mkasi, kanikata bure nywele zilizobaki, kaapa hatanitania wiki nzima. Kiapo chake kilidumu hadi sikio la pili tu.

Mimi changu ni cha kweli. Asubuhi nimeapa mbele ya mke wangu, mkono kifuani: sitameza tena chochote bila daktari kujua. Machozi yalimlengalenga.

Mchana nimenunua mafuta ya kuotesha nywele. Hayo hayamezwi, yanapakwa. Kiapo hakikutaja kupaka. Nimepaka. Nimesubiri saa mbili. Hakuna kitu. Nikafikiri kifundi: kutoka juu ya ngozi hadi kwenye mzizi ni mbali. Kutokea ndani ni karibu.

Nimechukua kijiko kimoja. Si kumeza huko. Ni kuonja.