Miti ya Kwenye Sahani: Hotuba ya Mheshimiwa Shimba, Ufukweni Pasiansi

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye pia ni mimi, Ndugu Katibu Wilhelmina, mtunza muda, mtunza kipaza sauti na mtunza funguo za gari langu, mzee wetu Lwakatare, mwenyekiti mstaafu wa mtaa, shikamoo mzee (Mzee Lwakatare: "Marahaba. Fupisha."), waheshimiwa viongozi wa dini mliotuma salamu, waheshimiwa viongozi wa dini ambao hata salamu hamkutuma lakini tunajua mlikusudia, wafanyabiashara wakubwa, wa kati, na nyie mnaouza sambusa hapo nyuma bila kibali, wavuvi, mama lishe, vijana wa bodaboda, majirani zangu wapendwa wa Kiseke, wageni waalikwa mliosimama kule kivulini, kimya, mmevalia vizuri nyeusi na nyeupe (Katibu anamnong'oneza: "Ni korongo hao, mheshimiwa.") na korongo pia, kwa kuwa mradi huu ni shirikishi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu humo humo.

(Makofi machache. Wengi ni akina mama, na mikono yao ina watoto.)

Awali ya yote nichukue fursa hii adhimu kumshukuru Mungu kwa kuniwezesha kusimama mbele yenu, na niwapongeze nyinyi kwa kuwezeshwa kuniona. Mimi, Alexander Shimba, Mratibu Mkuu wa Mkakati Jumuishi wa Kuhuisha Miti Midogo Kanda ya Ziwa, kwa kifupi MJUKUMIDOKAZI, ninayo heshima ya kipekee, heshima ambayo nimeipigania mwenyewe bila kuchoka na mara nyingine bila kuombwa, kuzindua rasmi mashindano ya kirafiki ya kukuza miti midogo inayoitwa bonsai.

Wananchi wengi mmeniuliza: mheshimiwa, bonsai ni nini? Swali zuri, na linaonesha kwamba kapasiti bildingi tuliyoifanya haikuwafikia. Bonsai, ndugu zangu, ni mti mzima, wenye umri wake na akili zake, ambao umewekwa kwenye sahani, ukakatwa mizizi, ukafungwa waya, ukapewa chakula kidogo na ukaambiwa usubiri. (Sauti kutoka nyuma: "Kama mwalimu wa kujitolea!" Kicheko. Mtoto mmoja anaamka, analia.) Nawaomba akina mama mtulize watoto, jambo hili ni la kitaifa. (Mama mmoja: "Na huyu ni wa taifa gani?") Tuendelee.

Kupitia mkakati huu, na kwa kuzingatia rodimapu, vishen, mishen na semina elekezi zote, ifikapo mwisho wa awamu kila kaya ya ukanda wetu itakuwa na msitu wake juu ya friji, na kaya isiyo na friji itakuwa na msitu wake ikisubiri friji. Tutasafirisha miti hii nje ya nchi kwa ndege, kwa kuwa ni midogo na itakaa kwenye kiti kimoja na abiria. Watalii watakaokuja kuona mawe yetu wataona na miti yetu bila kuinua shingo. Na kuhusu kivuli, ambacho najua mtauliza, kila mti utatoa kivuli cha kumtosha mtu mmoja, mradi awe amelala na awe mtoto. (Makofi ya katibu.)

Nije sasa kwenye hoja ya msingi, hoja ya aina za miti, kwa sababu kuchagua mti wa sahani si sawa na kuchagua mchumba au mgombea: hapa tulikuwa na vigezo. Kamati ya Wataalamu, ambayo niliiongoza, ilijifungia kwenye wokishopu mpaka chakula cha hoteli kikatuzoea. Tulianza na mkuyu. Mkuyu ulionekana una mizizi yenye dharau. Ulipasua sahani ya kwanza, ukapasua ya pili, ukaanza kuiangalia meza. Tukaenda kwenye mgunga, nao ukamchoma mjumbe mahali ambapo taarifa imeomba pasitajwe. Mwembe, jani lake moja tu linafunika sahani nzima, sasa mti wenyewe utauona wapi? Mkwaju ulikuwa na sifa, sitaki kusema uongo, jani dogo, gamba la heshima, lakini mkwaju hauna haraka na awamu yetu ina haraka.

Ndipo kamati, baada ya chai, ikajiuliza swali la kitaalamu: ni mti gani unajulikana kwa kila kaya, una shina nene, unakubali kung'olewa na kupandwa tena bila kununa, unavumilia jua, mbuzi na maneno ya watu, na tayari uko pembeni ya nyumba ili mshiriki asihangaike na usafiri? Jibu likaja lenyewe. Kwa ndugu zetu Wasukuma, minyaa, ile ya utomvu mweupe. Kwa ndugu zetu Wahaya, ule mmea wao wa majani marefu, omulamula.

(Minong'ono. Mzee Lwakatare: "Lakini hiyo yote ndiyo tuliyooneshea mipaka ya viwanja!")

Ahsante kwa mchango, mzee. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana uvunaji ulikuwa rahisi: imepangwa kwa mstari. Niwape takwimu. Hadi jana, asilimia tisini na sita ya minyaa na omulamula ya Kiseke ilikuwa imeitikia wito na kuingia kwenye sahani, bakuli, masufuria na, kwa kaya moja yenye moyo wa kujitolea, beseni la kuogeshea mtoto. Asilimia nne iliyobaki ni ya watu waliosafiri. Ukipita Kiseke leo hujui kwa nani panaishia wapi na kwa nani panaanzia wapi. Huo, ndugu zangu, si ndio umoja?

(Mwanamke: "Jirani anafua uani kwangu!" Mwingine: "Una bahati, wangu kajenga choo!")

Hiyo inaitwa mwamko. Mradi wowote wenye impakti lazima uguse maisha ya watu, na maisha yakiguswa yanapiga kelele.

Kama kiongozi, sikutaka kuwaagiza nyinyi mng'oe halafu mimi nikae. Kiongozi bora hutangulia. Katibu, funua. (Katibu anaondoa kitenge mezani. Chini yake, kwenye sahani kubwa ya pilau, kuna omulamula uliokatwa kimo cha goti.) Tazameni! Tazameni shina lilivyosimama kwa mamlaka! Tazameni hii kamba ya bluu inayoshuka hapa, ni mbinu ya Kijapani ya kulielekeza tawi, na hiki kibanio chekundu cha nguo ni kionjo changu binafsi cha kisanii. Mti huu niliukuta Kiseke, jirani kabisa na kwangu, umesimama katikati ya viwanja viwili bila kazi yoyote ya kueleweka, mpweke, hauna mtetezi. Niliuonea huruma. Jumapili asubuhi, wakati eneo lilikuwa tulivu kwa kuwa mwenyewe alikuwa misani, nikauokoa.

(Anasimama Renatha, jirani yake mheshimiwa, mama kijana, mtoto wake Queen kamfunga mgongoni. Macho yake ni ya mtu asiyelala vizuri. "Mheshimiwa, samahani. Hiyo ni kamba yangu ya kuanikia nguo.")

Aa, mama Queen! Wananchi, huyu ni jirani yangu, mpenzi mkubwa wa mazingira. Mama Queen, maswali ni mwishoni.

("Si swali. Na kibanio ni changu. Jumapili nimetoka misani nimekuta nguo za mtoto chini na shimo. Jumatatu fundi wako kachimba msingi wa ukuta, kaupitisha katikati ya migomba yangu. Nimemwambia unaingia kwangu, akasema, dada, nioneshe mpaka. Nitamwonesha nini, shimo?")

Hilo la ukuta ni suala la kiufundi, linaingiliana na maandalizi ya Kituo cha Umahiri cha Miti Midogo, ambacho kwa mujibu wa michoro kitahitaji nafasi kidogo upande wa, nisemeje, mashariki.

("Mashariki ndiyo jikoni kwangu, jirani.")

(Kicheko, lakini si cha furaha. Queen anapiga chafya. Renatha anamrekebisha mgongoni, hakai.)

Mama Queen, mashindano haya ni ya kirafiki. Isitoshe, kanuni zinasema mti ukishafika meza ya majaji hautoki. Ukishinda unabaki kuwa mali ya mradi, na mimi kama jaji mkuu sifichi kwamba nauona una dalili zote za kushinda.

(Renatha: "Baba mkwe alitugawia kile kiwanja akiwa kitandani, hakuacha kingine. Mume wangu yuko Geita anatafuta. Mimi niko pale na mtoto. Ukuta ukisimama, nani ataubomoa, mimi?")

(Mzee Lwakatare anasimama kwa kuegemea fimbo. "Shimba, nilikuwepo ukipandwa huo. Baba mkwe wake alishika shina, mimi nikashindilia udongo kwa kisigino. Kwetu mtu aking'oa omulamula haulizwi sababu. Anaurudisha kwa mikono yake, majirani wakimtazama, kisha anawanywesha rubisi waliomtazama." Mlevi mmoja kutoka nyuma: "Sheria hiyo ipitishwe leo!" Shangwe kubwa, ya kwanza ya siku.)

Mzee, naheshimu mila, mila ni nguzo, lakini tusichanganye mila na menejimenti. Mti huu sasa ni bonsai. Umeshabadilika hadhi. Ni kama mtu aliyepandishwa cheo, huwezi kumrudisha kijijini kuanika nguo.

("Na yetu?" anauliza mtu. "Na yetu!" wanaitikia wengine. "Mlituambia tung'oe!" "Mradi uje kutupimia!" "Mradi utulipie minyaa!" Watu wanaanza kusogea mezani na masufuria yao. Korongo wanasogea pembeni.)

Utulivu! Utulivu, ndugu wananchi, tusifike huko. Tuelewane vizuri na kisheria. Mnasema mradi uwarudishie mipaka, mradi ulipe, mradi uje. Katibu, nipe maji. Kwa kuwa mmefikia hatua hiyo, inanilazimu kwa uwazi na uwajibikaji nitoe shukrani zangu za mwisho mapema kidogo, ili kila mmoja ajue anasimama wapi.

Nawashukuru sana wafadhili wa mkakati huu, ambao siwezi kuwataja kwa kuwa bado hawajajitokeza. Naishukuru Kamati ya Wataalamu, yaani mimi, na shemeji yangu ambaye alikuja kwa ajili ya chakula. Nazishukuru ofisi za makao makuu ya mradi, ambazo ni huu mwavuli. Nawashukuru kwa dhati Wajapani, ambao hawana habari. Na zaidi ya yote nawashukuru nyinyi washiriki kwa kujitoa kwa hali na mali katika mradi ambao, kwa maana ya usajili, bajeti, barua na watumishi, haujawahi kuwepo, haupo, na kwa hiyo hauwezi kudaiwa mnyaa hata mmoja na mtu yeyote. Nadhani hapo tumeelewana.

(Katibu Wilhelmina: "Mheshimiwa, na mimi? Mshahara wangu?")

Tutaongea garini.

(Renatha anapita katikati ya watu, wanampisha. Anafika mezani. "Jirani, umesema mradi haupo?")

Kisheria, haupo.

("Basi na kanuni zake hazipo.")

Kwa mantiki hiyo, mama Queen, ni kama, yaani, tunaweza kusema...

("Na hakuna jaji, na hakuna mshindi. Huu ni mti wangu tu, uko kwenye sahani ya watu." Anaishika sahani, anaiinua kidogo, anaitua tena. Ni nzito, na mtoto mgongoni. Anamtazama mheshimiwa kama anavyomtazama Queen akikataa uji, bila hasira, bila kuondoa macho. "Mimi nimebeba huyu. Huo utabeba wewe. Shimo bado liko wazi, kuku wanaogea vumbi humo. Tunaenda sasa hivi, kabla fundi hajamwaga zege.")

Mama Queen, nina kikao.

("Na nani?")

(Mheshimiwa anatazama mwavuli. Mzee Lwakatare ameshatangulia barabarani na fimbo yake, anawaita wanaopakana viwanja watembee wawiliwawili, kila mtu na jirani yake, ili wakifika wakubaliane wakiwa wanatazamana. Masufuria yanainuliwa vichwani.)

Ndugu wananchi! Kwa haya machache, na kwa kuwa ratiba imebadilishwa na wadau, natamka rasmi kwamba mashindano ya kirafiki yameahirishwa na mahali pake panafanyika ziara ya kutembelea shimo. Hii ilikuwepo kwenye mpango. Mti mdogo, oyeee!

(Wanatembea.)

Kiseke ya kijani, oyeee! Ujirani mwema, oye... Katibu, gari lije basi, huu mti ni mzito.

(Katibu Wilhelmina anaweka funguo za gari mezani, anavua viatu vyake virefu, anaungana na wanaotembea.)

Maendeleo, ndugu zangu, hayana... maendeleo ni... oyeee?

(Renatha, mbele yake hatua chache, bila kugeuka: "Shika kwa mikono miwili, jirani. Udongo unamwagika.")